Kujifunza, Kukumbuka na Kusahau: Mafunzo ya Historia ya Kisomo Tanzania

UTANGULIZI

Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Taifa kwa redio kuukaribisha mwaka mpya, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1967, kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Baada ya miaka 16 ya juhudi kubwa, mtihani wa taifa wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Ulimwengu ulistaajabu. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilipofanywa, watu watatu hivi katika kila kumi wenye umri wa miaka 15 na zaidi walihesabiwa kuwa hawajui kusoma.

Je, kisomo kile kilikwenda wapi?

Swali hili limekuwa likijibiwa kwa njia mbili nyepesi. Wako wanaosema kwamba wananchi wenyewe ni wavivu na vichwa vyao ni vigumu: walifundishwa, wakasahau. Wako pia wanaosema kwamba kampeni nzima ilikuwa porojo na kwamba hakuna aliyejifunza chochote. Majibu yote mawili ni potofu. Jibu la kwanza linamlaumu mwananchi kwa kosa lisilo lake. Jibu la pili linafuta jasho la mamilioni ya watu. Na yote mawili yana asili moja, nayo ni kutoelewa jinsi binadamu anavyojifunza, anavyokumbuka na anavyosahau.

Makala haya yanakusudia kulichambua jambo hilo kwa njia ya historia. Hoja yetu ni moja. Mtu hujifunza kwa kazi na kwa kushirikiana na wenzake, na hukumbuka kile ambacho maisha yanamdai akitumie tena na tena. Kumbukumbu si ghala ambamo elimu hutiwa na kukaa. Kumbukumbu ni shamba: lisipolimwa, magugu huota.

1. KUMBUKUMBU KABLA YA MAANDISHI

Mkoloni alitufundisha kwamba mtu asiyejua kusoma hajui kitu. Kasumba hiyo bado imo vichwani mwa baadhi yetu, na mara nyingine humtoka kada mdomoni anaposimama mbele ya wazee wa kijiji na kuwaita wajinga. Hatuna budi kuanza kwa kuiondoa.

Jamii zetu za zamani zilikuwa na mipango madhubuti ya kufundisha na ya kuhifadhi elimu. Tuchukue mfano wa unyago na jando. Hans Cory, aliyekuwa akichunguza mila za Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza, alichapisha mwaka 1956 kitabu juu ya sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika mafunzo hayo miongoni mwa makabila kadhaa, wakiwamo Wazigua na Washambaa. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na kila wimbo ulikuwa na fundisho lake: juu ya unyumba, juu ya heshima kwa wakwe, juu ya kazi na uchoyo. Mwari aliiona sanamu kwa macho, akauimba wimbo kwa kinywa, akacheza ngoma yake kwa miguu, akaelezwa maana yake na somo wake. Fundisho moja liliingia kwa milango minne. Tena halikuishia hapo, kwa kuwa aliyefundwa mwaka huu alirudi mwaka uliofuata kuwaimbia wenzake. Kwa hiyo alikumbushwa kila mwaka, na kila mara alikumbushwa kwa kutenda.

Mfano wa pili unatoka kusini mwa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanasaikolojia wa Kiingereza, Frederic Bartlett, alifika Uswazi. Alikuwa amesikia kwamba Waafrika wana kumbukumbu ya ajabu, akataka kuipima. Alikutana na mchungaji mmoja wa shamba la mlowezi, akamtaka aeleze ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla. Mchungaji yule hakuwa mnunuzi. Kazi yake ilikuwa kuwaswaga tu. Hata hivyo alitaja mnyama mmoja mmoja: rangi yake, bei yake, na mtu aliyemuuza. Maneno yake yalipolinganishwa na daftari la mwenye shamba, yalionekana makosa mawili tu, tena madogo.

Lakini Bartlett hakuishia hapo, na hapa ndipo penye fundisho. Alimpa mvulana wa Kiswazi ujumbe wa kawaida aupeleke upande wa pili wa kijiji. Mvulana yule hakuonekana kuwa na kumbukumbu inayozidi ile ya mvulana wa Uingereza wa umri wake. Ni dhahiri, basi, kwamba mchungaji hakuwakumbuka ng'ombe kwa sababu ya rangi ya ngozi yake wala kwa kipaji cha kabila lake. Aliwakumbuka kwa sababu katika jamii yake ng'ombe ni mali, ni mahari, ni heshima, ni mazungumzo ya kila jioni. Uchumi wa jamii ndio uliokuwa mwalimu wa kumbukumbu yake.

2. SHULE YA MKOLONI

Shule ya kikoloni ilileta kitu chenye thamani kubwa, yaani maandishi. Lakini ililetwa kwa madhumuni ya mkoloni, nayo madhumuni yale yaliamua hata namna ya kujifunza. Serikali ya Wajerumani ilihitaji makarani, wakalimani na maakida. Serikali ya Waingereza iliwahitaji watu hao hao kwa majina mengine. Wengi hawakuhitajiwa kabisa, na mitihani iliwekwa ili kuwachuja: wachache wapite, wengi wabaki nje.

Katika shule ya namna hiyo kukumbuka kulikuwa na maana moja tu, nayo ni kuyarudisha maneno ya mwalimu siku ya mtihani. Mtoto wa mkulima alikariri mito na wafalme wa nchi asizozijua, na hakuulizwa juu ya udongo wa shamba la baba yake. Ubongo ulichukuliwa kama debe tupu, na mwalimu kama mwenye kata ya maji. Baada ya mtihani debe lilivuja, na hakuna aliyejali, kwa kuwa cheti kilikwisha kupatikana.

Tusichanganye mambo hapa. Kukariri kwenyewe si uovu. Nchini Liberia wako watu waitwao Wavai, ambao wana mwandiko wao wenyewe uliobuniwa na Duwalu Bukele katika miaka ya 1830. Watafiti wawili wa Kimarekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, waliwachunguza Wavai katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu mwaka 1981. Miongoni mwao walikuwamo waliosoma chuo cha Kurani, waliosoma mwandiko wa Kivai kwa ajili ya barua na hesabu za biashara, waliosoma shule ya Kiingereza, na wasiosoma kabisa. Ilionekana kwamba waliosoma Kurani waliwashinda wenzao katika zoezi la kukumbuka orodha ya maneno inayoongezwa neno moja moja, kwa sababu hivyo ndivyo walivyozoea kuhifadhi aya chuoni. Katika mazoezi ya kumbukumbu ya namna nyingine hawakuwazidi wengine. Kila kazi ilikuwa imenoa upanga wake.

Ubaya wa shule ya mkoloni, kwa hiyo, haukuwa kukariri. Ubaya wake ulikuwa kumkaririsha mtu jambo ambalo maisha yake hayana pa kulitumia. Ndiyo maana waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulidai kwamba shule iungane na kazi na kijiji. Wengi waliusoma waraka ule kama agizo la kulima bustani za shule. Ukweli ni kwamba ulikuwa pia ni nadharia ya namna binadamu anavyojifunza.

3. SAYANSI INASEMA NINI

Kada anayefundisha bila kujua sheria za kumbukumbu ni sawa na bwana shamba asiyejua majira ya mvua. Hebu tuzitazame sheria chache zilizokwisha thibitishwa.

Kwanza, kusahau huanza mapema na kwa kasi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana mpaka akazijua, kisha akapima ni kazi kiasi gani ingemlazimu kuifanya ili azijue tena. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ya mwanzo ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja zilikuwa zimepotea kama theluthi mbili. Baada ya mwezi, karibu sehemu nne katika tano. Hasara kubwa, kwa hiyo, hutokea mwanzoni, na ile inayobaki hupungua polepole. Lakini hata kilichosahauliwa hakikutoweka chote: kujifunza mara ya pili kulikuwa rahisi kuliko mara ya kwanza.

Pili, maana huokoa kazi. Ebbinghaus huyo huyo alipojifunza beti za shairi lenye maana, alihitaji kama sehemu moja tu ya kumi ya juhudi aliyoitumia kwa silabi tupu.

Tatu, kurudia kwa vipindi hushinda kurudia kwa mkupuo. Saa sita za somo zilizogawanywa katika majuma sita huzaa zaidi kuliko saa sita za siku moja. Na utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza jambo jingine: mtu anayejiuliza na kujaribu kukumbuka bila kutazama kitabu huhifadhi zaidi kuliko yule anayesoma maneno yale yale mara nyingi.

Nne, mlango wa akili ni mwembamba. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani alieleza kwamba mtu anaweza kushika kichwani kwa wakati mmoja vitu kama 7 hivi. Watafiti wa baadaye wameishusha hesabu hiyo hadi 4 au karibu yake. Tukumbuke hilo tunapomsikia kiongozi akisoma maazimio 20 mbele ya mkutano wa hadhara, kisha akiuliza kama yameeleweka.

Tano, akili ya mtu hujengwa na watu. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana, alifundisha kwamba uwezo wa fikra hutokea kwanza baina ya watu, katika mazungumzo na ushirikiano, kisha ndipo huingia ndani ya mtu mmoja. Kile ambacho mtu anaweza kukifanya leo kwa msaada wa mwenzake, kesho atakifanya peke yake.

Sheria hizi zinafanya kazi kwa profesa na kwa mkulima bila ya ubaguzi. Sasa tuzitumie kuipima historia yetu wenyewe.

4. KISOMO CHA WATU WAZIMA, 1970–1975

Katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka 1970, Mwalimu alieleza kwamba lengo la kwanza la elimu ya watu wazima ni kuwatoa watu katika hali ya kuridhika na maisha duni. Kujua kusoma ilikuwa nyenzo ya lengo hilo. Mwishoni mwa mwaka huo zilitajwa sehemu za kuanzia, zikiwamo Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Upare na Masasi, zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Mwaka 1971 TANU ikaazimia kwamba nchi nzima ifanye hivyo ifikapo Desemba 1975.

Wakati huo huo, tangu mwaka 1968, ulikuwapo mradi wa majaribio katika mikoa ya kandokando ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, ukisaidiwa na UNESCO. Mradi huo ulifuata njia ya kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi katika kitabu cha pamba. Mkulima wa migomba katika kitabu cha migomba. Mvuvi katika kitabu cha uvuvi. Neno la kwanza alilolisoma mtu lilikuwa neno alilolitamka kila siku shambani, na sentensi aliyoisoma ilimwambia jambo la kwenda kulijaribu kesho yake. Hapa sheria ya maana ilizingatiwa, na njia hiyo ikaenezwa baadaye nchi nzima.

Walimu walitoka wapi? Hapa ndipo tunapouona umma ukifanya kazi yake. Kundi kubwa lilikuwa la walimu wa kujitolea: vijana waliomaliza shule ya msingi, wafanyakazi, na watu wa kawaida waliojua kusoma, ambao ahsante yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Madarasa yalikaa chini ya miembe, katika majengo ya shule mchana watoto walipokwisha kutoka, katika ofisi za Chama, viwandani. Hadi mwaka 1975 watu kiasi cha milioni 5 walikuwa wamejiandikisha. Wengi wao walikuwa wanawake, wale ambao shule ya mkoloni iliwaacha nje kuliko wote.

Mtihani wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Lengo la kuumaliza kabisa ujinga huo halikufikiwa, lakini nchi maskini ilikuwa imefanya kwa miaka mitano jambo ambalo wakoloni hawakulifanya kwa miaka 70.

Hata hivyo, kujikosoa ni wajibu. Ziko sehemu ambako darasa lilijazwa kwa amri na kwa vitisho vya faini badala ya maelezo. Mtu aliyekuja darasani kwa kuogopa faini alijifunza jambo moja kwa hakika, nalo ni jinsi ya kuikwepa faini. Tena mtihani wenyewe ulikuwa na hatua nne. Aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma, ingawa uwezo wake ulikuwa wa kusoma sentensi fupi na nyepesi. Aliyefika hatua ya nne ndiye aliyeweza kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake. Ndani ya takwimu za ushindi, basi, walikuwamo wengi ambao kisomo chao kilikuwa bado mche mchanga. Mche mchanga unahitaji maji.

5. MTU NI AFYA, 1973

Katikati ya juhudi hizo ilifanyika kampeni moja ambayo kila kada anapaswa kuisoma kwa makini. Mwaka 1973, kwa muda wa majuma 12, redio ya taifa ilirusha vipindi vya Mtu ni Afya. Zilikuwapo kampeni za redio kabla yake, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, lakini zile zilikuwa ndogo. Katika Mtu ni Afya walishiriki watu karibu milioni 2, wakati nchi nzima haikuwa na watu wanaozidi milioni 15.

Siri ya mafanikio yake haikuwa redio. Redio peke yake ni mdomo mkubwa usio na masikio. Siri ilikuwa mpangilio. Viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walifundishwa kwanza, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi kijijini. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi. Kisha mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sehemu ya kitabu inayohusu jambo lile lile. Kisha likaulizwa swali: je, hapa kwetu hali ikoje? Watu wakajadiliana juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, si kama majina ya kitabuni bali kama maradhi ya nyumba ya fulani na mtoto wa fulani. Mwishoni kikundi kiliamua: juma hili tutafyeka majani, tutafukia madimbwi, tutachimba choo. Na mkutano uliofuata ulianza kwa kuulizana: tuliyoyaamua tumeyafanya?

Tulinganishe na sheria za sehemu ya tatu. Somo moja kwa juma, si 20 kwa siku: mlango mwembamba ulizingatiwa. Kusikia, kusoma, kuzungumza na kutenda: fundisho moja kwa milango minne, kama mwari na sanamu yake ya udongo. Swali la mwanzo wa kila mkutano liliwalazimu watu kukumbuka bila kutazama kitabu. Majuma 12 yalitenganisha marudio. Na mjadala uliiweka elimu baina ya watu kabla ya kuitaka ikae ndani ya kila mmoja.

Matokeo yalionekana ardhini. Vyoo vilichimbwa kwa wingi usiowahi kuonekana. Tena mtu aliyechimba choo hakuhitaji kuandika maneno ya kampeni ili ayakumbuke. Shimo lenyewe lilikuwa daftari lake, na kila asubuhi alilisoma. Mwaka 1975 njia hiyo ilitumika tena katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

6. KUSAHAU

Wapangaji wa kampeni hawakuwa vipofu. Walijua kwamba aliyejua kusoma leo asipopata cha kusoma kesho atarudi alikotoka. Kwa ajili hiyo lilianzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, huko Mwanza mwaka 1974. Zilifunguliwa maktaba za vijiji. Vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kuanzia mwaka 1975. Yaliwekwa madarasa ya kujiendeleza baada ya hatua ya nne. Mpango ulikuwa sahihi, na takwimu zikaendelea kushuka: asilimia 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na chini ya 10 mwaka 1986.

Lakini msingi wa kiuchumi ulikuwa unabomoka chini ya mpango huo. Bei ya mafuta ilipanda. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978–79 vilikula fedha za kigeni. Karatasi ikaadimika. Gazeti likachelewa, kisha likakosekana. Vitabu vya maktaba vikachakaa bila kuletwa vingine. Masharti ya wakopeshaji wa nje katika miaka ya 1980 na 1990 yakabana matumizi ya huduma za jamii, na ahsante ya mwalimu wa kujitolea, hata ilipotolewa, haikununua tena kitu. Mwalimu aliacha kuja. Darasa likaacha kukaa. Mwembe ukabaki na kivuli chake.

Tuwe waangalifu katika hesabu. Mtihani wa 1986 na sensa ya 2002 ni vipimo viwili tofauti: mmoja ulimpima mtu kwa karatasi, nyingine ilimwuliza mdomoni. Haifai kutoa moja katika nyingine na kusema kilichopotea ni hiki. Tena sehemu ya wasiojua kusoma waliohesabiwa mwaka 2002 hawakusahau chochote, maana hawakupata kufundishwa: walikuwa vijana waliokosa shule katika miaka ambayo uandikishaji wa shule za msingi ulirudi nyuma. Lakini ikiondolewa sehemu hiyo, bado linabaki kundi la watu wazima, hasa wa hatua ya tatu, ambao walisoma na kisha herufi zikawatoka. Hao ndio waliothibitisha kwa maisha yao kile alichokipima Ebbinghaus kwa silabi zake.

Hapa pana tofauti kubwa ya kuizingatia. Yule aliyefundishwa kuchimba choo hakuhitaji serikali kumletea karatasi ili aendelee kukumbuka. Yule aliyefundishwa kusoma alihitaji. Mazoea ya choo yalikuwa na mzizi katika maisha ya kila siku. Kisomo kilikuwa na mzizi katika gazeti, na gazeti halikufika. Kwa hiyo si kichwa cha mwananchi kilichoshindwa. Kilichoshindwa ni mkono uliopaswa kumpelekea kitu cha kusoma.

Katika miaka ya 1990 jaribio jipya lilifanywa kwa jina la MUKEJA, ambapo vikundi vya wananchi vilianza kwa kuchagua wenyewe shughuli ya uzalishaji, na kisomo kikafuata mahitaji ya shughuli hiyo. Ilikuwa ni kukubali, baada ya uchungu, fundisho lile lile la mradi wa Mwanza.

7. WAJIBU WA KADA

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: historia hii inatuhusu nini leo, wakati watoto wengi wanakwenda shule na simu ziko kila mahali?

Inatuhusu sana. Mama asiyeweza kusoma ujumbe wa fedha kwenye simu yake humpa mtu mwingine amsomee, na pengine humpa hata namba yake ya siri. Mkulima asiyeweza kusoma stakabadhi ya mzani huuza jasho lake kwa kuamini. Mwanachama asiyeweza kusoma muhtasari wa mkutano hawezi kumwuliza kiongozi wake kwa nini kilichoandikwa si kilichoamuliwa. Unyonyaji hupita mahali ambapo mtu hawezi kukumbuka wala kuhakiki. Ndiyo maana suala la kumbukumbu ni suala la siasa.

Kutokana na historia tuliyoichambua, tunatoa mambo manne ya kuzingatiwa.

(a) Tusifundishe jambo ambalo hatujui litatumika wapi. Kabla ya kuanza darasa, semina au kampeni, tuulize: baada ya mwezi mmoja, ni kazi gani itakayomlazimu mtu huyu kulikumbuka somo hili? Kama hakuna, kwanza tuitafute kazi hiyo.

(b) Tufundishe machache, tena kwa vipindi. Semina ya siku tatu yenye mada 15 ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Ni heri mada tatu, na mkutano wa kurudia baada ya juma moja, na mwingine baada ya mwezi.

(c) Tuanze kila mkutano kwa kuuliza, si kwa kuhutubia. Kuwauliza watu waliyoyaamua mara iliyopita ni kipimo cha utekelezaji na ni njia ya kuimarisha kumbukumbu kwa wakati mmoja. Kiongozi anayeogopa swali hilo anajua sababu yake.

(d) Bajeti ya kisomo iwe na bajeti ya baada ya kisomo. Kumfundisha mtu kusoma bila kumpatia cha kusoma ni kuchimba kisima na kuondoka na kamba.

HITIMISHO

Kizazi cha miaka ya 1970 kilithibitisha kwamba mkulima wa miaka 50, mwenye mikono iliyozoea jembe, anaweza kushika kalamu na kuandika jina lake. Ushindi huo haufutiki. Kizazi kilichofuata kilithibitisha jambo la pili, lililo chungu: kwamba ushindi wa elimu haulindwi kwa vyeti wala kwa takwimu, bali kwa matumizi ya kila siku.

Wako bado vijijini wazee waliokaa chini ya miembe ile. Tukiwauliza, wengi watatuimbia nyimbo za kampeni na kututajia maradhi ya Mtu ni Afya moja baada ya jingine. Kisha tuwape gazeti. Wako watakaolisoma, na wako watakaoligeuza geuza na kuturudishia kimya. Mzee huyo hakuzaliwa hajui, wala hakukataa kujua. Alifika nusu ya njia pamoja nasi, nasi tukamwacha hapo. Na kwa kuwa sayansi inatuambia kwamba kilichosahauliwa hujifunzwa upya kwa juhudi ndogo kuliko mara ya kwanza, hatuna udhuru wa kutorudi kumchukua.